Mkahawa mdogo Mombasa: mwongozo kamili wa kuwajibika kwa wafanyakazi, majirani na mazingira

Ukitaja uwajibikaji wa biashara, wengi huona kampuni kubwa ikikabidhi madawati shuleni, bango nyuma na kamera mbele. Mwenye kibanda cha viazi karai Mwembe Tayari, au mkahawa wa pilau Kisauni, hana bajeti ya madawati wala hayahitaji. Wajibu wake uko mlango wa nyuma: maji ya kuoshea vyombo yanaelekea wapi, mafuta yaliyochoka yanaishia kwa nani, ndoo ya makombo inabebwa na nani, na anayekoroga sufuria analipwa nini mwisho wa mwezi. Anayegawa futari ya bure huku mpishi wake akimdai mishahara miwili ameanza mwisho.

Mwongozo huu ni wa mkahawa wenye wafanyakazi watatu hadi kumi, jiko moja au mawili, na ua mdogo au hata bila ua.

Anza na mizani, si na msaada

Nunua mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, ile wanayotumia wauza samaki na chuma chakavu. Kwa siku saba mfululizo, Ijumaa na wikendi zikiwemo, pima kila kinachotoka kabla hakijatoka. Daftari liwe na safu sita: tarehe, maganda na mabaki ya jikoni, makombo ya sahani, chakula kilichopikwa kikabaki, taka kavu, na mafuta yaliyotumika kwa lita. Pembeni andika idadi ya sahani zilizouzwa siku hiyo na mitungi ya maji ya lita 20 iliyotumika.

Tenganisha makombo ya sahani na chakula kilichobaki sufuriani, maana chanzo chake ni tofauti. Makombo mengi yana maana kwamba unapakua wali kupita anachomaliza mteja, na dawa yake ni upawa mdogo. Chakula kingi kubaki sufuriani ni kosa la makadirio, nalo hurekebishwa kwa kupika kwa awamu mbili: theluthi mbili ya mchele asubuhi, iliyobaki baada ya kuona wateja wa saa sita na nusu. Ukivichanganya kwenye ndoo moja hutajua kipi kinakula faida yako.

Wiki hiyo ikiisha zidisha kwa bei. Kilo 4 za wali uliopikwa zikitupwa kila siku ni zaidi ya kilo moja na nusu ya mchele mkavu, kwa kuwa mchele huongezeka uzito mara mbili na nusu hivi ukipikwa. Kwa siku 26 za kazi ni takriban kilo 40 za mchele, mbali na mafuta, nazi na moto. Pesa hizo ndizo zitakazogharimia hatua nyingine zote hapa chini.

Ndoo tatu, na mtu mmoja anayejibu

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaitaka kila taasisi, ya umma na ya binafsi, itenge taka zinazooza na zisizooza, tena katika vyombo vyenye alama. Mkahawani hiyo ni ndoo tatu: ya kwanza ya vinavyooza, ya pili ya vikavu vinavyouzika (chupa za plastiki, makopo, katoni, chuma), ya tatu ya vilivyobaki. Zipake rangi tofauti na kuchora picha ya kinachoingia, kwa sababu kijana wa kuosha vyombo hana muda wa kusoma saa saba mchana.

Ndoo ya vinavyooza iwekwe pale pale makombo yanapofutwa, hatua moja kutoka sinki. Ikiwekwa uani, kila kitu kitaingia ndoo iliyo karibu. Iwe na kifuniko na imwagwe kila siku. Kwa joto la Mombasa mayai ya nzi huanguliwa kwa muda wa siku moja. Kisha taja jina la anayesimamia kila zamu. Ndoo za wote huwa hazina mwenyewe.

Jiko la Pwani lina taka zake. Machicha ya nazi ni chakula kizuri cha kuku yakiwa mabichi, lakini huchacha ndani ya saa chache, kwa hivyo mfugaji ayachukue siku hiyo hiyo au yaanikwe juani yakauke kabisa. Vifuu usivichanganye na taka: ni kuni nzuri, na watengenezaji wa makaa ya kubumba huvitafuta. Makumbi na madafu matupu ndiyo yanayojaza ndoo bure. Dafu lipasuliwe vipande vinne, likauke, litumike kuwashia moto au kutandazwa chini ya miti kuzuia unyevu usitoke ardhini. Dafu zima lililotupwa hukusanya maji ya mvua na kuwa kitalu cha mbu.

Ukiwa na ua, tuseme Likoni au Mtopanga, unaweza kutengeneza mbolea mwenyewe. Fanya hivi:

1. Jenga boksi la mbao au matofali lenye upana, urefu na kimo cha mita moja, lenye nafasi za kupitisha hewa ubavuni. Likiwa dogo zaidi ya hapo joto halikai.
2. Tandaza chini matawi au makumbi yaliyokatwakatwa, kina cha sentimita 15.
3. Kwa kila debe moja la maganda na mboga weka madebe mawili hadi matatu ya vitu vikavu: maranda ya fundi seremala, majani makavu, vipande vya katoni. Kila mara malizia na kikavu juu.
4. Shika gao na ulibane. Liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Likichuruzika ongeza maranda, likipukutika nyunyiza maji.
5. Geuza kila baada ya siku tano hadi saba. Katikati panapaswa kufika nyuzi 55 hadi 65. Chuma ukikichomeka na kukichomoa baada ya dakika chache kiwe moto mkononi.
6. Baada ya miezi miwili hadi mitatu joto huisha lenyewe. Iache itulie mwezi mmoja zaidi ndipo uitumie.

Likinuka, limelowa na hewa haipiti. Likipoa mapema, ni kavu mno au ni dogo. Panya wakija, kuna mtu ametia nyama, mifupa ya samaki au wali uliopikwa. Hivyo visiingie kabisa, wala mafuta. Makombo yenye nyama yakipelekwa kwa mifugo, yachemshwe yatokote dakika 30 kwanza, maana magonjwa husafiri kwa njia hiyo.

Mkahawa wa Majengo au Mji wa Kale usio na ua usijilazimishe. Tafuta mfugaji wa kuku au mkulima wa pembezoni anayekuja kila jioni na ndoo zake mwenyewe, mbadilishane: yake tupu, yako imejaa. Hesabu ya pesa kati yenu haina umuhimu kama saa ya kuja. Asiyekuja siku mbili amekuachia kilo 40 zinazonuka.

Halafu kuna mbebaji taka. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinamtaka anayezalisha taka azikabidhi kwa aliye na leseni ya kuzisafirisha hadi mahali rasmi, na kwa Mombasa jaa la kaunti ni Mwakirunge. Kwa hivyo mkokoteni unaokutoza bei ya chini sana ukapotea uchochoroni haujakuondolea wajibu; umeuhamishia kwenye mikoko ya Tudor au mtaro wa jirani. Muulize mbebaji mambo matatu: leseni ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) iko wapi, taka zinamwagwa wapi, na siku gari likiharibika nani anakuja. Mwandikiane, hata ukurasa mmoja. Kikundi cha vijana wa mtaa kinaweza kufanya kazi hii vizuri sana kikiwa kimeunganishwa na gari lenye leseni, na pesa hubaki mtaani. Wape glovu na waambie ndoo ipi ina vigae. Waokota taka nao ni wafanyakazi, na chupa ukiwawekea kando safi hawatakuwa na sababu ya kumwaga ndoo yako barabarani.

Usichome plastiki. Moshi wake ni sumu, na huwaingia wapishi wako kabla haujafika kwa jirani.

Mafuta ya kukaangia

Hapa ndipo mikahawa mingi ya Mombasa inapoharibu afya za watu bila kukusudia. Karai la bhajia na viazi karai hufanya kazi kutwa, na mafuta ni ghali, kwa hivyo yanaongezewa mapya juu ya ya zamani kila asubuhi. Kuongezea hakuyafufui. Mafuta yaliyokwisha kuvunjika huharakisha kuharibika kwa yale mapya.

Ili yadumu bila kudhuru:

Kaanga kati ya nyuzi 170 na 180. Kipimajoto cha jikoni cha chuma kinatosha. Chini ya 160 chakula hunyonya mafuta mengi na unapoteza pesa. Juu ya 190 mafuta yanaungua. Usitie chumvi juu ya karai, na futa maji kwenye viazi kabla ya kuvitumbukiza, kwa kuwa maji na chumvi ndivyo vinavyoyachosha upesi. Toa vipande vya unga vinavyoelea kila baada ya mkaango, kwani vikiungua hutia weusi na uchungu. Jioni, yakipoa hadi nyuzi 50 hivi, yachuje kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, uyafunike mbali na mwanga. Samaki na vitu vya unga viwe na makarai tofauti.

Yaondoe karaini bila kubishana ukiona mojawapo ya haya: yanatoa moshi kabla hayajafika nyuzi 180, povu jembamba linabaki juu hata baada ya chakula kutolewa, yananata yakishikwa kati ya vidole, yananuka kama rangi. Weusi peke yake si kipimo, kwani viungo na pilipili hubadilisha rangi mapema.

Yaliyoondolewa karaini hayaendi kwenye sinki, hayaendi mtaroni, na hayauzwi kwa mwenye kibanda cha jirani "ambaye hajali". Hilo la mwisho hutokea sana, na ndilo baya kuliko yote kwa sababu mafuta yale yanarudi tumboni mwa watu wa mtaa huo huo. Yaweke kwenye jerikeni la lita 20 lenye kifuniko na maandishi makubwa MAFUTA MACHAFU, juu ya sinia ya kukinga yanayovuja, mbali na jiko. Likijaa, mpe mkusanyaji mwenye leseni anayeyapeleka kutengenezewa mafuta ya injini za dizeli au sabuni, naye akupe risiti yenye lita.

Unaweza pia kupika sabuni ya sakafu mwenyewe. Kwa kila kilo 1 ya mafuta ya mawese yaliyochujwa: gramu 135 za kostiki soda na mililita 330 za maji. Pima kwa mizani ya dijitali, si kwa kijiko. Kostiki si magadi. Magadi hayatagandisha sabuni. Vaa glovu za mpira, miwani na mikono mirefu, na fanyia nje penye upepo. Mimina kostiki ndani ya maji polepole, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, maana huchemka na kuruka usoni. Usitumie sufuria za kawaida za alumini: kostiki huila alumini na kutoa gesi inayolipuka. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Vikipoa vyote hadi nyuzi 40 hivi, mimina maji ya kostiki kwenye mafuta, koroga hadi uji uwe mzito kiasi cha kuacha alama juu ukiudondosha, mimina kwenye boksi lenye karatasi, funika siku mbili, kata, kisha anika kivulini wiki nne. Ikibaki na mafuta juu, ulipima vibaya au hukukoroga vya kutosha. Ikiwa na vumbi jeupe linalowasha, kostiki ilizidi, na sabuni hiyo isiguswe kwa mkono mtupu. Chombo na mwiko wa kazi hiyo visirudi jikoni tena.

Maji machafu na mtego wa mafuta

Sehemu kubwa ya Mombasa haina mabomba ya maji taka. Maji huingia kwenye septiki na mashimo ya kunyonya, na chini yake ni jiwe la matumbawe lenye nyufa. Maji machafu hupita kwenye nyufa hizo upesi kuliko kwenye udongo, kisha hutokea kwenye kisima cha mtu au kwenye mkono wa bahari. Mafuta yakiingia septiki hufanya utando unaoziba shimo la kunyonya, na shimo lililozibwa na mafuta huwa halizibuki, huchimbwa jingine. Mtego wa mafuta, yaani kichumba kinachoyazuia mafuta kabla hayajafika septiki, ni wa bei nafuu mara nyingi kuliko hilo.

Ukubwa unaofaa kwa sinki la bakuli mbili za lita 50 ni chumba chenye urefu wa ndani sentimita 100, upana 50 na kina cha maji sentimita 60, yaani lita 300. Bakuli zote mbili zikiwa zimejaa robo tatu, zikifunguliwa kwa mara moja hutoa lita 75 hivi, kwa hivyo maji hupata muda wa kutulia na mafuta kupanda juu. Maelekezo kwa fundi:

Kijengwe nje, kivulini, mita tatu au zaidi kutoka sinki ili maji yapoe njiani. Kuta zipigwe plasta ya simenti isiyopitisha maji. Bomba la kuingilia liwe na kiungo cha T, mguu wake ukizama sentimita 20 chini ya usawa wa maji ili maji yasivuruge utando wa juu. Bomba la kutokea liwe chini ya lile la kuingilia kwa sentimita 5 hadi 7, nalo liwe na T ambayo mguu wake unazama sentimita 40, yaani unaishia sentimita 20 kutoka sakafuni. Kwa njia hiyo yanayotoka ni maji ya katikati: mafuta yamebaki juu na tope limebaki chini. Juu ya kila T pawe wazi kwa ajili ya kuzibua. Ukuta wa kati uwe theluthi mbili ya safari, ukiacha nafasi ya sentimita 15 chini. Kifuniko kiwe kizito cha kuzuia watoto lakini kiinuliwe na watu wawili, kisichoinulika hakitasafishwa.

Kusafisha: kila Jumatatu kabla ya kufungua, chomeka fimbo na pima unene wa mafuta juu na tope chini. Jumla ikifika sentimita 15, robo ya kina, safisha. Changanya mafuta yaliyochotwa na maranda hadi yakauke, yaingie ndoo ya tatu. Jaza chumba maji safi baada ya kusafisha, la sivyo mafuta ya siku ya kwanza yatapita moja kwa moja.

Mitego hufa kwa sababu nne. Maji yanayochemka humwagwa sinkini yakayeyusha mafuta na kuyasukuma hadi septiki. Mtu humwaga sabuni kali "kuyeyusha", ambayo huyahamisha tu. Choo huunganishwa humo. Na maji ya paa huelekezwa humo, kisha mvua ya masika husomba kila kitu kwa usiku mmoja. Weka pia chujio kwenye tundu la sinki, na sahani zifutwe kwa karatasi au upawa wa mpira kabla ya kuoshwa. Hatua hii ndogo hupunguza mafuta zaidi ya yote.

Kama una kisima cha maji ya chumvi, kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la kunyonya, na zaidi ikiwezekana kwa ajili ya zile nyufa. Maji hayo ni ya sakafu na choo, si ya kuoshea kachumbari. Maji ya bauza nayo yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiri dakika 30. Bomba linalodondosha tone kila sekunde hupoteza lita zipatazo 8 hadi 10 kwa siku, karibu nusu ya mtungi, katika mji ambao maji huja kwa zamu.

Moto na umeme

Jiko la makaa lenye udongo wa ndani hutumia makaa kidogo sana kuliko la bati tupu, mara nyingi pungufu kwa theluthi moja hadi nusu. Udongo ukipasuka faida hiyo huisha, kwa hivyo ubadilishe. Usinunue kuni za mkoko hata zikija kwa bei ya kutupa. Kwa vitu vya kuchemka muda mrefu, kama maharagwe na mbaazi, loweka usiku kucha kwanza. Hiyo pia hupunguza moto.

Gesi iwe imesimama wima, nje ya chumba cha kupikia, na mpira wake ukaguliwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Kwa taa, hesabu ni rahisi: balbu tano za wati 60 kwa saa 6 kila siku hula yuniti 54 kwa mwezi, za LED za wati 9 hula yuniti 8.

Vya kufungia

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, fuo zikiwemo. Ukiuzia watu wa ufuoni hilo linakuhusu moja kwa moja. Viazi karai funga kwa kaki safi, si gazeti. Wino huhamia kwenye mafuta. Kwa wateja wa ofisini wa kila siku, bakuli la chuma lenye amana ya shilingi 150 hurudi vizuri kuliko unavyodhani. Usitoze chini ya bei ya kununulia bakuli, maana hapo utakuwa unaliuza kwa hasara.

Wafanyakazi

Haya ndiyo wajibu wa kwanza, hata kama yamewekwa huku chini.

Mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Usijifiche nyuma ya neno "kibarua": aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, sheria inamhesabu kuwa wa mwezi, hata kama unamlipa kila jioni. Ana siku moja ya mapumziko kila wiki, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na baada ya miezi miwili ya kazi ana siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na 7 kwa nusu. Mama ana miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, baba ana wiki mbili.

Mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida Mombasa, kwa agizo lililoanza Novemba 2024, uliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila nyumba. Mpishi na mhudumu wako kundi la juu yake, na agizo jipya likitoka ndilo linalofuatwa. Ukiongeza posho ya nyumba ya asilimia 15 unapata 18,530.81. Hesabu yake ni hii: akiba ya uzeeni ya NSSF asilimia 6 ni 1,111.85, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ni 509.60, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 277.96. Anabaki na 16,631.40 mkononi. Wewe unaongeza NSSF na ushuru wa nyumba kwa kiasi hicho hicho, 1,389.81, kwa hivyo anakugharimu 19,920.62. Peleka makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kosa la kawaida, na baya, ni kukata na kutopeleka: mfanyakazi hugundua akiwa kaunta ya hospitali. Lipa kwa M-Pesa au benki ili ibaki rekodi, na mpe hati ya mshahara.

Sahani ikivunjika kwa bahati mbaya haikatwi mshahara. Sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki pale tu uharibifu ulipofanywa kwa makusudi, na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara.

Kila anayegusa chakula awe na cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi sita. Mwajiri ndiye anayefaa kukilipia. Chukua bima ya ajali kazini. Ukutani weka kifuniko kipana cha chuma na blanketi la moto karibu na karai, na kila mtu afundishwe kwa vitendo: mafuta yakiwaka, zima gesi, funika, usimwage maji. Aliyeungua apozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno na mayai vikae mbali.

Ramadhani panga zamu upya mapema. Aliyefunga asisimame mbele ya karai kuanzia saa nane hadi magharibi bila kupokezwa, na apate robo saa ya kufuturu akiwa ameketi, si akitafuna tende huku anapakua.

Kutoa chakula

Kilichobaki salama kitolewe, lakini chakula cha sadaka kina masharti yale yale ya kinachouzwa. Kiwe kimekaa juu ya nyuzi 60 au kimepozwa chini ya 5. Kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili kwa joto la kawaida hakitolewi. Wali ni hatari zaidi kuliko unavyoonekana: vimelea vyake huishi hata baada ya kupikwa, na sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto. Utandaze kwenye sinia pana, kina cha sentimita 5, upoe upesi, kisha uingie friji. Mpokeaji, madrasa au nyumba ya jirani, aambiwe saa kilipopikwa na viungo vyenye njugu. Makombo ya sahani za wateja hayatolewi kwa binadamu.

Majirani na faili

Mtembelee jirani wa upande upepo unakoelekea, wa kusi na wa kaskazi, maana moshi hubadilisha nyumba kwa msimu. Muulize ni kipi kinachomsumbua, andika, rudi na jibu ndani ya wiki mbili. Mara nyingi ni kitu kidogo: bomba la moshi liongezwe liwe juu ya paa lake, au jenereta igeuzwe.

Faili moja ya plastiki ining'inie karibu na kaunta, ikiwa na leseni ya biashara ya kaunti, vyeti vya afya, mikataba, risiti za makato, makubaliano na mbebaji taka, risiti za mafuta machafu, na tarehe za kusafisha mtego. Daftari la mizani lirudiwe wiki moja kila baada ya miezi mitatu, moja ya wiki hizo iangukie Ramadhani. Ukikosa pesa za kufanya yote mwaka huu, mpangilio uwe huu: mishahara na makato, kisha mafuta, kisha mtego, kisha ndoo. Jiko jipya na taa zinaweza kusubiri.